Mashine ya Milingi: Askari Asinunue kwa Macho

Neno "milingi" likitajwa hapa kwetu Uganda, watu wengi hukumbuka kinu cha kusaga posho. Mashine ninayokusudia kuizungumzia leo husaga chuma, wala si mahindi. Katika mashine ya kukereza, chuma ndicho kinachozunguka na kisu hutulia mahali pake. Katika mashine ya milingi mambo hugeuka: kisu chenye meno ndicho kinachozunguka, na chuma hubanwa juu ya meza inayosogezwa kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kwa mashine hii fundi husawazisha uso wa chuma, huchimba mfereji wa kabari katika shafti, hukata meno ya gia, na hutoboa matundu mahali hasa panapotakiwa.

Nimeona yafaa kuandika juu ya jambo hili kwa sababu askari wengi wa jeshi na wa polisi waliotumikia katika karakana za magari na za silaha wanakaribia kustaafu, au wamekwisha kustaafu, nao wanatamani kufungua karakana ndogo nyumbani kwao. Tamaa hiyo ni njema. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, na mtu aliyetengeneza magari ya serikali kwa miaka ishirini hana haja ya kukaa barazani akisubiri pensheni ya mwezi. Lakini kiinua mgongo huja mara moja tu. Mtu akikosea katika kununua shati, atanunua jingine. Akikosea katika kununua mashine, amekwisha kukosea na ada ya watoto pia.

Namkumbuka mstaafu mmoja wa polisi aliyenunua mashine kubwa ya zamani katika mnada wa mali ya kiwanda kilichofungwa. Ilikuwa mashine nzuri, na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Alipoifikisha nyumbani kwa gharama kubwa, alitambua mambo mawili: kwamba mlango wa karakana yake ulikuwa mwembamba kuliko mashine, na kwamba mota ya mashine ilihitaji umeme wa fezi tatu ilhali nyumba yake ilikuwa na fezi moja. Mashine ikakaa nje chini ya turubai kwa misimu miwili ya mvua. Mwishoni aliwauzia wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Mzee huyo hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwambia aulize maswali yapi kabla ya kufungua mfuko.

MASHINE ILIYOZALIWA KATIKA KARAKANA ZA BUNDUKI

Msomaji aliye askari atapenda kujua kwamba mashine hii ina uhusiano wa damu na kazi yake. Ilikua katika karakana za bunduki za Marekani mapema katika karne ya 19, wakati mafundi kama Simeon North wa jimbo la Connecticut walipotafuta njia ya kutengeneza vipande vya bunduki vinavyolingana, ili kipande cha bunduki moja kiweze kuingia katika bunduki nyingine bila kupigwa tupa. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza nchini humo, kampuni moja ya mji wa Providence iliyotengeneza bunduki ilisumbuliwa na uhaba wa keekee zilizopindwa. Fundi Joseph Brown akabuni mashine ya milingi iliyoweza kukata mifereji ya keekee hizo kwa mzunguko. Mwaka 1938 ikatokea, katika mji wa Bridgeport, mashine ya aina ambayo mpaka leo huonekana katika karakana za dunia nzima. Chombo hiki basi kina historia ndefu, na makosa ya kukichagua nayo yamekwisha kujulikana.

KWANZA KAZI, KISHA MASHINE

Swali la kwanza ni kazi ipi itakayoletwa mlangoni. Katika miji yetu, kazi inayoleta fedha ni shafti za vinu vya posho, mifereji ya kabari, puli, gia zilizokatika meno, sehemu za mashine za kukoboa kahawa na vipuri vya trekta. Mafundi wa Kisenyi na Katwe mjini Kampala wanalijua jambo hili vema. Sehemu kubwa ya kazi hizo ni ya vitu vya duara. Kwa hiyo natoa shauri ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wauzaji: asiye na mashine ya kukereza aanze na hiyo, na milingi ifuate. Shafti bila mfereji wa kabari yaweza kupelekwa kwa jirani ikachimbwe. Mwenye mfereji bila shafti hana kitu.

Zipo aina tano ambazo mnunuzi atakutana nazo. Ya kwanza ni mashine ndogo ya kuwekwa juu ya meza, isiyofika kilo 100. Hiyo yafaa kwa shaba, alumini na mazoezi, lakini ikipewa chuma cha pua hutetemeka, na kisu kinachotetemeka hakidumu. Ya pili ni ile yenye nguzo ya duara, mfano wa mashine kubwa ya kutobolea. Bei yake ni nafuu na uzito wake si haba, ila ina ila moja: fundi akipandisha au kushusha kichwa ili abadilishe kisu, kichwa huyumba kuizunguka nguzo, na mahali alipokwisha kupima panapotea. Ya tatu ni ile ambayo nguzo yake imechongwa reli za kupandia kichwa, nayo haina ila hiyo. Ya nne ni mashine ya goti, ambayo meza yake hukaa juu ya goti la chuma linalopanda na kushuka. Hii ndiyo ile ya Bridgeport na jamaa zake, yenye uzito wa karibu tani moja. Ya tano ni mashine ambayo mhimili wake umelala. Wanunuzi wengi huipita bila kuitazama, na kwa sababu hiyo mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo, ingawa kwa kukata mifereji na gia ina nguvu kuliko wenzake.

Maoni yangu ni haya. Mwenye sakafu ya zege, mlango mpana na njia ya kupata umeme unaofaa, achague mashine ya goti iliyotumika lakini nzima. Asiye na nafasi hiyo achague ile ya nguzo yenye reli, yenye kilo 200 au zaidi. Katika mashine za chuma, uzito ni sehemu ya ubora: chuma kizito humeza mtetemo, na chuma chepesi huurudisha kwenye kisu.

UMEME NA KASI

Nyumba zetu nyingi zina umeme wa fezi moja wa volti 240, na mashine nyingi za viwandani zilitengenezwa kwa fezi tatu za volti 415. Hilo si jambo la kukatisha tamaa, bali la kupigiwa hesabu mapema. Siku hizi kipo kifaa cha elektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na ambacho pia humwezesha fundi kubadilisha kasi ya mota. Vifaa vya namna hiyo hupatikana kwa urahisi kwa mota za mpaka kilowati 2.2 hivi, na mota ya namna hiyo yatosha kabisa kwa karakana ya nyumbani. Lakini vifaa vya kawaida hutoa volti 240 tu, wala si 415. Kwa hiyo mnunuzi amwombe fundi umeme afungue kisanduku cha mota kabla ya malipo: nyaya zikiwa sita, kwa kawaida mota yaweza kuungwa upya kwa volti ndogo, zikiwa tatu tu, kazi na gharama huongezeka.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kisu cha chuma cha kasi kinapokata chuma laini, meno yake yafaa yaende mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika. Kwa kisu cha milimita 10 hiyo ni mizunguko 800 kwa dakika. Kwa milimita 20 ni mizunguko 400. Na kwa kisu kipana cha milimita 63 ni mizunguko 125 hivi. Muuzaji hujisifu kwa kasi kubwa ya mashine yake. Mnunuzi mwenye busara huuliza kasi ndogo kabisa. Mashine isiyoweza kwenda polepole itaunguza visu vipana, na visu hivyo si vya bei ya karanga.

UKAGUZI WA MASHINE ILIYOTUMIKA

Askari anajua ukaguzi ni nini. Basi na aikague mashine kama anavyokagua silaha: kwa mkono, wala si kwa macho peke yake. Rangi mpya haithibitishi chochote. Mara nyingi huficha.

Kwanza, zungusha gurudumu la mkono la meza upande mmoja, kisha lirudishe. Tazama linarudi kiasi gani kabla meza haijaanza kusogea. Mwanya mdogo ni wa kawaida. Robo ya mzunguko ni dalili kwamba parafujo na nati yake vimekwisha. Mashine ya namna hiyo, kisu kikikata kwa kufuata mwendo wa meza, yaweza kuivuta kazi kwa ghafula na kuvunja kisu, pengine na kidole.

Pili, kaza meza kidogo ikiwa katikati, kisha ipeleke mpaka mwisho wa kila upande. Ikiwa inalegea katikati na kukwama pembeni, reli zimelika katikati, na ugonjwa huo tiba yake ni ghali. Tatu, weka saa ya kupimia ndani ya tundu la mhimili na uuzungushe kwa mkono. Mshale ukiyumba zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, beringi au tundu lina kasoro. Nne, washa mashine iende nusu saa katika kasi ya juu, kisha gusa mahali beringi zilipo. Vuguvugu ni sawa. Joto la kuchoma mkono na mlio wa kusaga si sawa.

Mwisho, uliza tundu la mhimili ni la kipimo gani, na magurudumu yameandikwa kwa inchi au kwa milimita. Katika mashine nyingi za Bridgeport za inchi, mzunguko mmoja wa gurudumu ni milimita 5.08, na asiyejua hilo ataharibu kazi ya watu.

MASHINE PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Hutumia fedha zote kwa mashine, kisha wakakosa jiliwa ya kubania, vibano, visu, vishikio vya visu na saa ya kupimia. Mashine isiyo na vifaa hivyo ni sawa na bunduki isiyo na risasi: hupendeza katika gwaride tu. Shauri langu ni kwamba mtu agawe fedha zake mafungu mawili. Fungu moja liwe la mashine na usafiri wake, na la pili liwe la vifaa na umeme. Ikiwa mashine anayoitamani yamaliza mafungu yote mawili, basi hiyo si mashine yake.

Wapo watakaosema kwamba zama hizi ni za mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kwamba ni ujinga kununua chuma cha zamani. Siwabezi. Kwa atakayetengeneza vipande mia vinavyofanana, kompyuta ni bora. Lakini kazi ya mtaani ni shafti moja leo na gia moja kesho, na mteja hungoja nje pamoja na kinu chake kilichosimama. Isitoshe, umeme unaokatika katikati ya kazi na kadi ya elektroniki isiyopatikana karibu vyaweza kuifanya mashine ya kisasa kuwa kabati.

Wapo pia watakaosema kwamba bei bado ni kubwa kwa mtu mmoja. Ni kweli. Kwa nini basi iwe ya mtu mmoja? Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Wastaafu watatu wenye ujuzi, wakiungana kwa mkataba ulioandikwa na hesabu iliyo wazi, waweza kununua mashine nzuri badala ya kila mmoja kununua mbaya. Lakini mkataba uandikwe kabla ya mashine kuingia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

NENO LA MWISHO

Limebaki jambo moja ambalo haliwezi kupitwa kimya. Fundi aliyetoka jeshini, mwenye mashine ya milingi nyumbani, atakuwa mtu wa kwanza kufuatwa usiku na wale wanaotaka bunduki ikarabatiwe au kipande chake kitengenezwe. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 yakataza kutengeneza silaha bila leseni, na askari hawezi kujitetea kwamba hakujua. Tena Karamoja imetufundisha. Huko bunduki za kienyeji zilitengenezwa kwa mabomba ya chuma katika miaka ya 1970, kisha ghala la silaha la kambi ya Moroto likaporwa mwaka 1979, na machozi yaliyofuata hayakuwa ya kabila moja. Mashine hii ilizaliwa katika karakana za bunduki. Itakapofika majumbani mwetu, na itengeneze vinu, trekta na pampu za maji. Fundi aweke daftari la kila kazi inayoingia, na jina la mwenye kazi, ili mlango wake uwe wazi mchana kwa mtu yeyote, wakiwamo polisi.

Ndugu askari, uliyetumikia kwa nidhamu, nunua pia kwa nidhamu. Andika kazi unazozitarajia, pima mlango wako, uliza umeme wako, kagua kwa mkono, na bakiza nusu ya fedha. Muuzaji akikuhimiza ulipe leo kabla hujamaliza kukagua, rudisha fedha mfukoni na uende zako. Mashine nyingine zitakuja. Kiinua mgongo kingine hakitakuja.