Wazee Hawatutazami

"Wazee wanatuona." Maneno hayo yalisemwa mara tatu katika kikao cha ukoo wetu Nyakasimbi, Desemba iliyopita, na kila yaliposemwa gharama ilipanda. Mara ya kwanza tuliongeza vigae vya kaburi la babu. Mara ya pili, mpiga video. Mara ya tatu, hema la watu mia mbili. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake pembeni, chini ya bati linalovuja ambalo hakuna aliyelitaja.

Nilichanga shilingi elfu themanini, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Tumejizulia imani kwamba maisha ni jukwaa, na waliotangulia wamekaa gizani wakitupa alama. Basi tunawachezea. Tunalia kamera inapofika, tunakausha machozi inapopita. Nasoma shahada ya uzamili, na darasani nimekutana na Erving Goffman, aliyeandika mwaka 1956 kwamba binadamu hujionyesha kwa wenzake kama mwigizaji. Simpingi. Ila watazamaji wa Goffman ni watu hai, na wetu pia ni hao hao. Tunaowaogopa ni majirani. Tumewavisha tu sura ya mizimu, maana nani atabishana na mzimu?

Wala msiniambie hii ndiyo mila ya Wanyambo. Mzungu John Hanning Speke, aliyefika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861, alimuuliza kwa nini huchinja ng'ombe kila mwaka kwenye kaburi la baba yake, Ndagara. Jibu aliloliandika Speke halikuhusu sifa. Mfalme alitumaini mavuno mema mwaka unaofuata. Kaburi la mfalme lilihusu chakula cha walio hai.

Na bibi? Rubisi ikiiva, humimina kidogo chini, kule migombani walikozikwa wazee, kabla mtu yeyote hajaonja. Hatoi hotuba. Hageuki kuangalia nani anamwona. Siku moja nilimuuliza kama wazee humtazama akifanya hivyo.

"Mjukuu wangu," alisema, "hao ni watu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani hatazami, anakula."

Mtazamaji hadai kitu, mradi mchezo unapendeza. Mtu wa nyumbani ana fungu lake, na akishapewa atauliza kama mwenzake naye amepata. Babu angeuliza habari za bati.

Mtasema hofu ya kuonwa na wazee imewazuia wengi kuuza kibanja chenye makaburi. Kweli, na kizuizi hicho nakiheshimu. Lakini kilimkataza mtu kuwanyang'anya watoto wake ardhi. Hakikumwagiza anunue vigae.

Aprili hii kikao kimeitishwa tena. Sasa wanataka uzio wa chuma kuzunguka kaburi. Mchango wangu nimeshanunulia bati sita, na fundi anapanda juu Jumamosi. Baba wadogo wamenipigia simu kuniambia nimeuaibisha ukoo. Nawajibu hapa kwa heshima zote: atakayesema tena kwamba wazee wanatuona, aje ayasemee chumbani kwa bibi, mvua ikinyesha, akae upande ule anaolala yeye.