FISCHER HAKUJILIPUA! Acheni Kuwadanganya Vijana

Wadau, leo tuambiane ukweli. Kuna mhamasishaji mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, kila siku anaposti stori ya dogo wa miaka 13 aliyetoa malkia wake kwenye chesi akashinda. Halafu anamalizia: "Acha kazi leo, na wewe toa malkia wako!" Vijana wanagonga like, wanakimbilia kulipia semina.

Mimi nasema huo ni upotoshaji, tena wa hatari.

Stori yenyewe ni ya kweli. Dogo ni Bobby Fischer, New York, Oktoba 17, 1956, akicheza kete nyeusi dhidi ya Donald Byrne, mchezaji mkubwa wa Marekani enzi hizo. Mpaka leo inaitwa Mechi ya Karne. Ila mbona hawawaambii kilichotangulia?

Hatua ya tatu tu, dogo alishamweka askofu wake pembeni, katulia kimya, anaangalia ubao mzima kwa mshazari. Hatua ya nne akamficha mfalme kwenye kona, ngome ikiwa jirani. Huo ndio ulinzi wa Grünfeld: mwache mwenzako ajitanue katikati, wewe jipange kwanza. Byrne akajitanua kweli, akasahau kumficha mfalme wake. Hapo ndipo alipoumia.

Malkia alikuja kutolewa hatua ya 17! Na wala haikuwa sadaka. Fischer alishapiga hesabu: kwa malkia mmoja alirudisha ngome moja, maaskofu wawili na askari, huku farasi wake akimkimbiza mfalme wa Byrne huku na huku. Hatua ya 41 mfalme hana pa kwenda. Kwisha habari.

Sasa wewe unayeambiwa uache kazi, mfalme wako umemficha wapi? Kodi ya nyumba umelipa? Akiba unayo? Ukitoa malkia unarudisha nini? Kama huna jibu, hiyo siyo chesi, ni kamari.

Na umeshajiuliza kwa nini huyo mhamasishaji malkia wake hamgusi? Anasubiri wako, ndiyo hicho kiingilio cha semina.

Kujitoa mhanga siyo kosa. Kosa ni kuruka zile hatua 16 za mwanzo.

Haya, team mhamasishaji, povu ruksa!