Kifaa cha GPS cha kusakia vikasha: nunua kile kinachokula betri za dukani

Anayeanza mchezo wa Geocaching huuliza kwanza: ninunue kifaa kipi cha GPS? Siku hizi swali hilo limezaa jingine: kwa nini ninunue kifaa chochote ilhali simu yangu ina GPS ndani yake? Nitaanza na hilo la pili, maana naona linajibiwa vibaya na pande zote mbili, wapenzi wa simu na wapenzi wa vifaa.

Kwa ambaye mchezo wenyewe ni mgeni kwake, mambo ni haya. Mtu huficha kikasha mahali fulani, ndani yake mna kijitabu cha kutia sahihi na pengine vitu vidogo vya kubadilishana. Kisha hutangaza viwianishi vyake mtandaoni, yaani zile namba za latitudo na longitudo. Wewe unakwenda, unatafuta, unatia sahihi, unakirudisha pale pale. Mchezo huu ulizaliwa na uamuzi wa serikali. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kiasi kwamba kipokezi kingeweza kukosea kwa mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka viwianishi vyake kwenye intaneti watu wakaitafute. Kufikia Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish alikuwa ameshafungua tovuti ya Geocaching.com. Mtu mmoja anazima swichi, na ndani ya miezi minne watu wana mchezo mpya. Mimi habari hiyo hainichoshi.

Sasa turudi kwenye simu. Tuseme ukweli, ile hoja ya zamani kwamba simu haina shabaha imekwisha kufa. Mwaka 2018 Xiaomi walitoa Mi 8, simu ya kwanza ya kawaida kupokea masafa mawili ya GPS badala ya moja, na tangu hapo teknolojia hiyo imeingia katika simu nyingi. Simu nzuri ya leo husikiliza GPS ya Wamarekani, GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Wachina, zote kwa pamoja. Ukiiweka kando ya ile eTrex ya manjano ya mwaka 2000, simu itashinda bila kutoka jasho. Kwa hivyo anayekushauri ununue kifaa cha mkononi kwa sababu ya usahihi peke yake, mwulize alijaribu simu ya mwaka gani.

Hoja yangu ni nyingine, na ni ya hapa kwetu. Mkenya akitoa simu mfukoni ametoa na pochi. Nauli iko M-Pesa, akiba iko humo, benki iko humo, na namba ya mtu wa kumpigia ukiteguka mguu iko humo. Kusaka vikasha nako ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa betri ya simu: GPS imewashwa mfululizo, skrini haizimwi, na mwangaza umepandishwa hadi mwisho ili uone kitu juani. Halafu mahali penyewe mtandao ni dhaifu, kwa hiyo simu inahangaika kutafuta mnara na kula betri zaidi. Hebu fikiria uko nyuma ya milima ya Ngong, saa kumi na moja jioni, umekipata kikasha chako, umetia sahihi, umefurahi, na simu imezima. Kondakta wa matatu hatapokea sahihi yako kama nauli.

Ndiyo maana nasema simu ikae ndani ya begi, imechajiwa, ikiwa pochi na king'ora cha dharura. Mkononi ushike kitu ambacho kikianguka kwenye mto unasikitika kidogo tu.

Kitu gani basi? Matangazo yatakuonyesha skrini kubwa, rangi, kamera, na muziki wakipata nafasi. Mimi naangalia mambo mawili kabla ya mengine yote.

La kwanza ni betri. Kifaa kitumie betri mbili za AA, zile za tochi ndogo na redio, ambazo duka lolote la kijijini linazo pembeni mwa sabuni. Garmin eTrex 10, 20 na 30 zilizotoka mwaka 2011 zinatajwa na mtengenezaji kuwa hukaa saa 25 kwa betri mbili. eTrex SE ya mwaka 2023 imefikishwa saa 168. Betri ya ndani isiyotoka ni nzuri siku ya kwanza. Baada ya miaka michache ya kuchajiwa inachoka, na fundi wa kukubadilishia si rahisi kumpata. Ila usichukue betri za bei ya chini kabisa, zile za kaboni, kwani hazimalizi hata safari. Chukua za alkalaini, au bora zaidi za kuchaji upya za NiMH, kisha uingie kwenye menyu ukiambie kifaa ni betri za aina gani. Usipofanya hivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

La pili ni faili, na hapa mniwie radhi nitakaa kidogo, ndiyo kazi yangu. Kifaa unachotaka ni kile ambacho ukikichomeka kwenye kipakatalishi kwa kebo ya USB kinatokea kama flashi ya kawaida. Unafungua folda, unaburuta faili ya GPX ndani, unachomoa, umemaliza. GPX ni XML tu, imekuwapo tangu 2002. Ifungue kwa kihariri chochote cha maandishi utaona latitudo, longitudo, jina la kikasha, maelezo na dokezo. Mwenye kujua Python kidogo anaweza kuandika skripti ya mistari 20 ikachuja vikasha vyote visivyo ndani ya kilomita 5 kutoka stendi ya matatu. Geocaching.com faili hizo za GPX huwapa wanachama wanaolipa, lakini programu huria ya c:geo kwenye Android nayo hutoa GPX.

Kwa nini nang'ang'ana na faili? Kwa sababu kampuni hubadilisha nia, na seva huzimika. Garmin wenyewe walifungua tovuti yao ya vikasha, Opencaching.com, mwaka 2010. Mwaka 2015 wakaifunga. Julai 2020 wahalifu wa mtandaoni walifunga mifumo ya Garmin wakidai fidia, na huduma ya Garmin Connect ikalala kwa siku kadhaa. Waliozoea kupitisha kila kitu kwenye seva hiyo wakabaki wanangoja. Mwenye kebo na faili yake aliendelea na safari. Kwa hiyo ukisoma kwenye boksi kwamba kifaa hakiwezi kupokea kikasha bila akaunti, programu maalumu ya simu na intaneti, kirudishe kwenye rafu hata kama ni kizuri cha kutazama.

Baada ya hayo mawili, mengine ni ya kuongezea. eTrex 10 haikubali ramani za ziada. eTrex 20 ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na unaweza kuijaza ramani za OpenStreetMap bila kulipa senti. Usizidharau ramani hizo. Mwishoni mwa 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoro vya mtaa wao na vipokezi vya GPS vya mkononi, wakauchora ndani ya OpenStreetMap, wakati ramani nyingine nyingi zilionyesha doa tupu mahali pale. Kifaa cha namna hii kiliifanya kazi hiyo kabla hakijawa cha kusakia vikasha begini mwako. eTrex 30 inaongeza dira ya sumaku na kipimo cha mwinuko kinachotumia mgandamizo wa hewa. Dira hiyo ina faida moja kubwa: bila hiyo, kifaa hujua uelekeo wako pale tu unapotembea. Ukisimama, mshale unazungukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na wengi hudhani kifaa kimeharibika. Kuna pia vikubwa kama GPSMAP 66i vinavyotuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, kwa ada ya usajili. Kama unapanda Mlima Kenya mara kwa mara na kundi dogo, hilo lina maana. Kwa Karura, hapana.

Matumizi sasa, na hapa kifaa cha bei yoyote kitakupoteza usipokuwa makini. Vikasha huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, mfano S 01° 17.250. Namba ya mwisho kabisa hapo ni kama mita 1.85 ardhini. Kwetu karibu na Ikweta kipimo hicho ni kimoja karibu sawasawa kwa latitudo na longitudo, tofauti na kule Oregon ambako ile ya longitudo hupungua hadi mita 1.3 hivi. Ukiisoma hiyo 17.250 kana kwamba ni dakika 17 na sekunde 25.0 umekosea kwa mita 300 na ushei, kwani 0.250 ya dakika ni sekunde 15. Na tuna tatizo ambalo Mzungu wa Oregon hana: Ikweta inakatiza nchini kwetu. Vifaa vingi vikitoka kiwandani vimeshawekwa N. Andika viwianishi vya Nairobi ukisahau kugeuza kuwa S, na mshale utakupeleka kilomita 285 kaskazini, huko juu ya Maralal.

Mtego mwingine uko kwenye ramani za karatasi. Zile za Survey of Kenya za 1:50,000 zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na vikasha vyote viko katika WGS84. Tofauti yake hapa ni mita 300 hivi, nyingi yake ikiwa kaskazini-kusini. Kifaa cha mkononi kina menyu ya kuchagua mfumo, simu nyingi hazina. Ukitaka kulinganisha na karatasi, geuza kuwa Arc 1960. Ukimaliza, rudisha WGS84 kabla hujasaka chochote.

Ukifika zikibaki mita 10, kiweke kifaa mfukoni. Aliyeficha alikuwa na makosa ya mita kadhaa, wewe una yako, na chini ya miti yanaongezeka yote mawili. Kumfuata mshale hapo ni kucheza ngoma. Tazama badala yake: jiwe lililokaa vibaya, kisiki chenye tundu, vijiti vilivyopangwa na mkono wa mtu.

Lakini mjini nabadilisha msimamo, mjini tumia simu. Baada ya Westgate, Septemba 2013, na DusitD2, Januari 2019, mtu anayeinama kando ya ukuta wa jengo akiwa na kidude chenye antena na kuchokoa kikopo kilichofungwa kwa gundi ya plastiki hana maelezo yatakayomridhisha mlinzi. Mwenye simu ni mpita njia kama wengine. Vioo vya majengo marefu huakisi mawimbi na kuvuruga vipokezi vyote, kwa hiyo hupotezi kitu. Anayetaka kuficha kikasha kati ya jiji naye aombe ruhusa ya mwenye mahali, aandike nje ya kikopo ni nini, au akiache kabisa akafiche msituni kwa idhini ya wanaousimamia.

Na kama unasaka mara mbili kwa mwaka, usinunue kitu. Weka c:geo, pakua ramani na vikasha ukiwa bado una mtandao, washa hali ya ndegeni (kwa simu nyingi GPS bado hupokea), beba pawabenki. Inatosha.

Wengi wetu tutanunua cha mkono wa pili, basi jueni hivi. Ile eTrex ya manjano ya kwanza kabisa hutumia kebo ya siriali, na tundu lake halipo tena kwenye vipakatalishi vya leo. Itakubidi adapta na programu ya GPSBabel. Tazama pia tarehe kwenye skrini. GPS huhesabu wiki kwa biti 10, yaani 0 hadi 1023, na hesabu hiyo ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 iliyopita. Mara nyingi mahali kinapaonyesha sawasawa hata hivyo, kwa hiyo tumia hilo kupunguza bei. Kisha kitoe nje, mahali pa wazi, ukisubiri hadi robo saa. Kilicholala kabatini miaka mingi kinahitaji dakika 12 na nusu kupokea orodha nzima ya setilaiti, na muuzaji anayekuharakisha kabla ya hapo ana sababu yake.