Chuma na Jabali: Somo Lililo Karibu na Shule za Tabora

Nchi ya Unyamwezi ni tambarare, nayo imefunikwa kwa sehemu kubwa na miombo. Hata hivyo, hapa na pale hutokeza juu ya miti majabali ya matale, mengine yakiwa marefu kupita nyumba, mengine yakiwa mapana na ya mviringo kama migongo ya tembo. Majabali ya namna hiyo hayahitaji safari ya mbali wala fedha nyingi kuyafikia. Mwanafunzi mwenye afya aweza kuyafikia kwa miguu na kurejea shuleni kabla ya jua kutua. Pamoja na hayo, aghalabu somo la miamba hufundishwa ubaoni, na mtahiniwa huweza kutaja aina tatu za miamba bila ya kupata kugusa hata mmoja kwa nia ya kujifunza.

Yafaa kila shule ya sekondari iliyo karibu na jabali ilifanye jabali hilo kuwa maabara yake. Yafaa pia sharti la kwanza la maabara hiyo liwe kwamba chuma kisiguse jabali. Sharti hili laweza kuonekana kuwa dogo. Sababu zake, lakini, ni za kisayansi na zaweza kupimwa.

Kwanza ieleweke jabali hilo ni kitu gani. Matale ya Tanzania ya kati na magharibi ni sehemu ya ngao ya kale ya bara la Afrika, na umri wake hupita miaka milioni 2,500. Yalitokana na uji wa moto uliopoa polepole mno kilometa nyingi chini ya ardhi. Kwa kuwa kupoa kulikuwa kwa taratibu, chembe zake ziliweza kukua hata zikaonekana kwa macho: kwatsi inayong'aa kama kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na vipande vyeusi vya ulanga. Baadaye ardhi iliyokuwa juu yake ilimomonyoka kwa muda mrefu, nayo matale yakabaki wazi.

Mmomonyoko huo ungali unaendelea, lakini kwa kasi isiyoonekana. Vipimo vilivyofanywa kwenye majabali ya matale katika sehemu mbalimbali za dunia vimeonyesha kwamba jabali lililo wazi kwa kawaida hupungua kwa mita chache tu katika miaka milioni moja. Tuseme ni mita 5. Hesabu nyepesi yaonyesha kwamba hizo ni milimita 5 katika miaka 1,000. Livingstone na Stanley waliagana Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Machi mwaka 1872. Tangu siku hiyo hadi leo, kwa kasi hiyo, jabali lililo jirani na njia ya misafara halikupungua hata milimita moja. Wapagazi walipita na mizigo yao, reli ikafika mwaka 1912, tawala zikabadilika, na uso wa jabali ukabaki karibu kama ulivyokuwa.

Sasa na itazamwe kazi ya chuma. Katika nchi za baridi upo mchezo wa kupanda barafu kwa mashoka madogo yenye ncha kali, huku miguuni mpandaji amefunga meno ya chuma. Baadaye wapandaji walianza kutumia mashoka hayohayo juu ya mwamba mkavu usio na barafu. Mwaka 1994 Mmarekani Jeff Lowe alipanda njia iitwayo Octopussy huko Vail, Colorado, akining'iniza ncha za mashoka katika mwamba hadi akaifikia barafu iliyoning'inia juu yake. Tangu hapo mtindo huo ulienea sana. Lakini wapandaji wenyewe walitambua mapema kwamba ncha hizo huacha makovu. Kwa sababu hiyo, katika nchi kadhaa wamekubaliana kufanya mazoezi katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, na kuyaacha majabali mengine kwa wale wapandao kwa mikono mitupu.

Jambo hili halipo mbali na Afrika Mashariki kama linavyodhaniwa. Mwaka 1973 Phil Snyder na Thumbi Mathenge walipanda kwa mara ya kwanza mfereji wa barafu wa Diamond Couloir katika Mlima Kenya. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda ukuta wa Breach wa Kilimanjaro, ambako nguzo ya barafu ilikuwa imening'inia. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia mwaka 2011 haikuzidi kilometa za mraba 2. Barafu inapotoweka, ncha iliyotengenezwa kwa ajili ya barafu hukutana na jiwe.

Ni nini hutokea zinapokutana? Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kujibu. Mwanafunzi mwenye kilo 50 ana uzito wa niutoni 500 hivi. Akisimama juu ya jabali kwa wayo mmoja wenye eneo la milimita za mraba 10,000, kanieneo yake ni niutoni 0.05 tu kwa kila milimita ya mraba. Akining'inia kwenye ncha ya chuma inayogusa jiwe kwa milimita za mraba 2, kanieneo hupanda hadi niutoni 250 kwa milimita ya mraba, yaani mara 5,000 zaidi. Matale mengi huvunjika kwa kanieneo ya kati ya niutoni 100 na 250. Ukingo wa jiwe, basi, hauna budi kusagika. Mkwaruzo wenye kina cha milimita 5, uliofanywa kwa dakika moja, mvua na jua vitahitaji takribani miaka 1,000 kuufuta.

Tabora hakuna barafu, lakini chuma kipo tangu kale. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa nchi za magharibi yalikuwa bidhaa na hata fedha katika biashara ya misafara. Leo chuma kinacholikabili jabali ni nyundo, mtaimbo na sururu. Mahali pengine moto huwashwa kwanza juu ya jiwe: tabaka la juu hupata joto na kutanuka kuliko la chini, likabambuka, kisha nyundo humaliza kazi. Bandu bandu huisha gogo, na jabali nalo huisha vivyo hivyo, kokoto baada ya kokoto.

Wapo watakaosema kwamba kokoto ni riziki, na kwamba shule yenyewe haikujengwa bila mawe. Hoja hiyo ni ya haki, na haifai kubezwa. Hakuna anayedai kwamba kila jabali la Unyamwezi lihifadhiwe. Linalodaiwa ni jabali moja kwa kila shule, lililochaguliwa kwa makubaliano na serikali ya kijiji au mtaa, wala si lile ambalo watu wanalitegemea kwa chakula. Wengine watasema kwamba mwanajiolojia hawezi kufanya kazi bila nyundo, kwa kuwa uso wa jiwe hufunikwa na kutu na uchafu. Hilo nalo ni kweli. Lakini chini ya kila jabali yamelala mawe yaliyokwisha anguka yenyewe. Mwalimu na apasue hayo, nayo yatasema yote ambayo jabali lingesema.

Kazi za kufanya ni nyingi, na vifaa vyake ni rahisi. Kwa uzi, kijiwe na kipimapembe, wanafunzi waweza kutengeneza timazi na kupima mwinamo wa jabali. Kwa kipande cha kandambili au katambuga kilichowekwa juu ya jiwe bapa linaloinuliwa polepole, wataona ni kwa pembe gani msuguano hushindwa. Kisha watajua ni mwinamo upi waweza kutembewa salama na upi usithubutiwe. Kwa kipimajoto watalinganisha joto la uso wa jiwe alfajiri na alasiri, na kuelewa kwa nini jabali hubambuka maganda kama kitunguu. Madoa ya kijivu na kijani juu ya jiwe si rangi, bali ni viumbe hai, kuvu na mwani walioungana, wanaokua polepole sana. Yapimwe kwa rula na kupimwa tena mwaka ufuatao. Nyufani mtakuwa na mimea, na huenda pimbi pia.

Tahadhari nazo zisisahauliwe. Ziara ifanywe wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa kuwa jiwe lililolowa huteleza na radi hupenda mahali palipoinuka. Nyuki na nyoka hukaa nyufani, basi mkono usitangulie jicho. Mwanafunzi asipande kupita pale anapoweza kushuka mwenyewe.

Faida kubwa ya ziara kama hiyo ni kwamba vipimo hubaki. Darasa la mwaka huu litaandika mwinamo, joto na ukubwa wa madoa katika daftari la shule. Darasa la mwaka ujao litayasahihisha na kuyaongeza. Baada ya miaka 10 shule itakuwa na kumbukumbu ambazo hazimo katika kitabu chochote, na hapo ndipo wanafunzi watakapoacha kuisoma sayansi tu na kuanza kuifanya. Lakini vipimo vya miaka 10 havina maana kama kitu kilichopimwa hakipo tena. Kwa hiyo daftari na lianze mapema, na nyundo ibaki stoo.