Gari likichukuliwa kwa ploti yako, dai karatasi kwanza

Vijana wetu wa Thika na Ruiru.

Hebu fikiria. Bado ni giza, geti la ploti yenu pale Makongeni au Kimbo linagongwa. Soja anafungua. Kukipambazuka, Probox unayobebea mizigo iko kituoni, pamoja na pikipiki ya ndugu yako. Ukienda kuuliza unaambiwa "uchunguzi unaendelea", halafu mtu anakuvuta pembeni: leta kitu kidogo tuone.

Wengi hutoa. Na ukitoa, gari linarudi bila rekodi yoyote. Wiki ijayo likichukuliwa tena, huna pa kuanzia.

Tuseme ukweli: polisi wana mamlaka ya kuchukua gari. Kama ni la wizi au lilitumika kwa uhalifu, hata wewe ungetaka lichunguzwe. Lakini mamlaka hayo yana masharti, na masharti yenyewe yanadai maandishi.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu asipekuliwe nyumba au mali yake, wala kunyang'anywa vitu vyake, kiholela. "Kila mtu" ni pamoja na wewe unayelipa rent. Kawaida polisi wanahitaji kibali cha korti, nacho hutumika kati ya macheo na machweo, isipokuwa korti imeruhusu saa nyingine. Kukiwa na dharura, sehemu ya 60 ya Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaruhusu upekuzi bila kibali. Lakini afisa lazima aandike kwanza sababu zake, aonyeshe cheti chake cha kazi ukiomba, aandike alichochukua, na akifikishe mbele ya hakimu bila kukawia.

Hilo la mwisho wengi wetu hatulijui. Tunajua mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Basi jua pia kwamba gari lako lina hakimu wake. Si la OCS.

Na korti husikiliza. Mwaka 2012, katika kesi ya Samura Engineering dhidi ya KRA, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuingia kwenye ofisi za watu na kubeba hati bila kibali kulivunja haki ya faragha.

Sasa ufanye nini?

Wakiwa hapo, usizuie wala usisukumane na mtu. Utafunguliwa kesi nyingine bure. Uliza jina, namba ya kazi na kibali. Piga picha: namba ya gari, kilomita, betri, taya la akiba. Mwite jirani awe shahidi.

Siku hiyo hiyo nenda kituoni na kitambulisho na nakala ya logibuku. Hakikisha imeandikwa kwenye OB, na usiondoke bila namba. Uliza gari linashikiliwa kwa kosa gani, na nani anachunguza.

Siku zikipita kimya, mwandikie OCS barua, taja sehemu ya 60, na nakala yako igongwe muhuri. Kisha nenda kwa hakimu, Thika au Ruiru. Sehemu ya 121 ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inataka kitu kilichozuiliwa kitunzwe vizuri. Unaweza kuomba gari lipigwe picha za ushahidi, upewe kwa dhamana, ulilete likihitajika.

Haki zako zikiwa zimevunjwa, Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu, na hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Malalamiko dhidi ya afisa peleka IPOA. Hulipi chochote. Ukitaka kuishtaki Serikali kwa hasara uliyopata, usilale: sheria inakupa miezi 12. Huna wakili? Waone Kituo Cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Jambo moja zaidi. Kuna mwenye nyumba anayemwita polisi azuie gari lako kwa sababu una deni la rent. Deni la rent si jinai. Ana njia yake ya kisheria, kupitia dalali mwenye leseni na notisi ya maandishi. Kituo cha polisi si ghala la madeni.

Tunakumbuka Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch, polisi walipoingia nyumba kwa nyumba Eastleigh na watu wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Malalamiko ya hongo yalikuwa mengi. Hongo hustawi pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Kwa hivyo leo, kabla ya geti kugongwa, fanya mambo mawili. Piga picha logibuku na bima, umtumie mtu unayemwamini. Kama gari ni la kukodi au bado liko kwa jina la aliyekuuzia, andikianeni makubaliano na mtie sahihi. Siku ukiulizwa "hili gari ni la nani?", jibu liwe tayari mkononi mwako.