Malezi Nyumbani: Silaha Ipi Imfaayo Mtoto Alindaye Shamba?

Ndugu msomaji, mahindi yanapoanza kutoa ndevu huko Mlola, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, familia zenye mashamba kando ya msitu huwa hazina usingizi. Mchana kima na ngedere hushuka mitini wakavunja magunzi machanga na kuyatupa baada ya kuyauma mara moja. Usiku huja nguruwe mwitu, ambaye hatosheki na alichokula, bali huangusha mistari mizima na kufukua viazi na magimbi kwa pua yake. Jasho la miezi minne laweza kupotea kwa usiku mmoja.

Katika vita hivyo askari wa mstari wa mbele, tangu zama za mababu, amekuwa ni mtoto. Ndiye apandaye dungu, ndiye apigaye kelele, ndiye arushaye mawe. Basi si ajabu kwamba baba mwenye gobori au bunduki nyumbani hufikia siku akajiuliza: mwanangu amekwisha kuwa mkubwa, je, si wakati wa kumpa silaha iliyo nyepesi, isiyompiga teke begani, akalinde shamba kiume? Swali hilo si la kuchekwa. Linatoka kwa mzazi anayetaka chakula kibaki ghalani na mwanawe awe mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo leo tulichambue kama inavyostahili.

Habari ya teke la bunduki

Kila bunduki ikifyatuliwa hurudi nyuma. Isaac Newton alikwisha kuieleza kanuni hiyo mwaka 1687: kila msukumo una msukumo ulio sawa nao upande wa pili. Risasi iendapo mbele, bunduki hurudi kwenye bega la mpigaji. Kadiri risasi ilivyo nzito na yenye kasi, na kadiri baruti ilivyo nyingi, ndivyo teke linavyozidi. Uzito wa bunduki yenyewe ndio unaolipunguza.

Hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Hudhani kwamba bunduki nyepesi ndiyo laini kwa mtoto. La hasha! Ni nyepesi kuibeba, lakini ni kali kuipiga. Ukiwa na risasi ya aina moja, ukapunguza uzito wa bunduki kutoka kilo 4 hadi kilo 3, nguvu ya teke lake huongezeka kwa theluthi nzima. Mtoto apigwaye teke mara moja na mbili hujifunza kuogopa. Hufumba macho, huvuta kifyatulio kwa kushtuka, na risasi huenda asikokusudia.

Katika nchi kama Marekani, ambako watoto wengi huenda kuwinda kulungu pamoja na wazazi wao, utatuzi uliopatikana ni kuipunguza risasi, si bunduki peke yake. Mtoto huanza na risasi ndogo ya .22, ambayo takriban haina teke, akajifunza kulenga karatasi. Akisha kukomaa hupewa bunduki ya risasi ya wastani, kama ile iitwayo .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955. Ikilinganishwa na ile ya .30-06 ambayo watu wazima wengi huitumia, teke lake ni karibu nusu. Tena kitako hukatwa kikalingana na mkono wa mtoto. Kipimo chao ni rahisi: mtoto akikunja kiwiko na kukiweka kitako katika mkunjo wa mkono, kidole chake kiweze kukifikia kifyatulio bila ya kujinyoosha. Masikio huzibwa, kwa maana mlio mmoja wa bunduki waweza kudhuru masikio maisha yote. Na juu ya hayo yote, mtu mzima huketi kando yake, mchana kweupe, mnyama akiwa amesimama kimya, na nyuma yake pana kilima cha kuizuia risasi.

Je, hayo yanapatikana Mlola?

Sasa tuyapime hayo kwa mizani ya Mlola. Adui wa shamba si kulungu mpole. Nguruwe mwitu dume aliyekomaa huweza kupita kilo 80, ana meno makali kama visu, na hutembea katika kundi. Huja usiku. Macho yake si hodari, lakini pua yake humwarifu mapema kwamba pana mtu. Risasi ndogo ambayo bega la mtoto laweza kuihimili haitamwangusha, itamjeruhi tu. Na nguruwe aliyejeruhiwa ama hukimbilia kichakani akafie huko kwa mateso, ama humgeukia aliyemjeruhi. Risasi itoshayo kumwangusha nayo ni ile ambayo mtoto hawezi kuimudu. Hiyo itoshayo bega haitoshi nguruwe, na itoshayo nguruwe haitoshi bega. Kati ya hizo mbili hakuna ya tatu iliyo salama mikononi mwa mtoto aliye peke yake gizani.

Kisha tazama ardhi yenyewe. Mashamba ya Usambara yako kwenye miteremko, na nyumba ziko ng'ambo ya bonde. Hata ile risasi ndogo ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na risasi kubwa huenda mbali zaidi ya hapo. Ukungu ukishuka, mtoto haoni hatua thelathini mbele yake. Akisikia majani yakitikisika atajuaje kama ni nguruwe, ni ng'ombe aliyekata kamba, au ni jirani arudiye kutoka msibani?

Ama gobori, hilo ndilo la kuogopwa zaidi. Baruti yake hupimwa kwa macho, si kwa mizani. Mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikuundwa kwa kazi hiyo. Baruti ikizidi, au mtutu ukiwa umeoza kwa kutu, moto hurudi usoni mwa mpigaji. Mtu mzima aliyelizoea gobori lake kwa miaka ishirini huwa na hadhari nalo. Seuze mtoto wa darasa la sita!

Tena iko sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza asifanyishwe kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka huo huo hairuhusu kuwinda bila ya kibali. Na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni yake, naye ndiye mwenye jukumu la kuitunza. Baba ampaye mwanawe bunduki akalinde nayo shamba usiku hujiweka katika hatari ya kuvunja sheria.

Kisa cha Mbegha

Wapo watakaosema kwamba Usambara ni nchi ya wawindaji, na kwamba kumnyima kijana silaha ni kuisahau asili. Hao tuwakumbushe asili yenyewe. Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi katika milima hii, alikuwa mwindaji wa nguruwe, mwenye mikuki na mbwa hodari. Habari zake zimo katika kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Watu wa Usambara walimpenda kwa kuwa aliwaondolea nguruwe mashambani na kuwagawia nyama, na baada ya kumwua simba walimtawaza huko Vugha.

Lakini wengi husimulia utukufu huo wakakisahau kisa kilichoutangulia. Kabla ya kuja Usambara, Mbegha alikaa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa nchi. Kijana yule akavutiwa na uwindaji, akamfuata rafikiye porini, na huko nguruwe akamwua. Mbegha hakuwa na la kumwambia baba wa kijana. Alikimbia, asirudi tena. Ndugu msomaji, yule alikuwa fundi wa wawindaji wote, mbwa wake wako pembeni, mikuki iko mkononi, na bado hakuweza kumwokoa kijana wa watu mbele ya nguruwe. Basi sisi tunamtegemea nani amwokoe mtoto tuliyemtuma peke yake?

Silaha imfaayo mtoto

Isidhaniwe kwamba nasema mtoto akae jikoni asisaidie shamba. Kulinda mchana, baada ya masomo na siku zisizo za shule, ni malezi mema kwa mvulana na kwa msichana. Ila apewe kilicho kadiri yake.

Silaha ya kwanza ni sauti. Debe kuukuu na kijiti, filimbi, na kelele za watoto wawili watatu katika madungu mbalimbali huwafukuza kima kuliko mtu mmoja mwenye bunduki. Kima ni mwerevu. Akizoea kelele ya mahali pamoja huidharau. Kwa hiyo watoto wabadilishe mahali na wabadilishe mlio.

Silaha ya pili ni mbwa. Mbwa mmoja aliyefundishwa hutangulia kunusa, hubweka kabla ya mtoto kuona, wala hahitaji leseni ya bunduki. Apatiwe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana mlinzi asiyechanjwa huweza kuwa hatari kwa wale anaowalinda.

Silaha ya tatu ni kombeo la kamba ya katani, au manati. Na hapa ile kanuni ya teke inarudi kwa sura nyingine. Baba achaguaye mpira wa manati asichague ulio mgumu kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto auvute hadi shavuni na kuushikilia kwa kuhesabu hadi tano bila ya mkono kutetemeka. Ukimshinda, mpira ule ni mkali mno, upunguzwe upana. Panda iwe ya mti mgumu kama mpera, isiyo na ufa, na mpira ukaguliwe kila juma, kwa kuwa mpira uliochanika hurudi jichoni. Badala ya mawe, watoto wafinyange vidonge vya udongo na kuvikausha juani. Hivyo huumiza kiasi cha kufukuza, kisha huvunjika.

Mtoto afundishwe mambo manne kabla ya kukabidhiwa manati hiyo: asimwelekezee mtu hata kwa mzaha, asirushe kuelekea njiani wala nyumbani, asirushe asipoona mwisho wa jiwe lake, na asiwaue ndege wa msituni. Katika misitu ya Usambara ya Magharibi wamo ndege wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kijana aliyetumwa kulinda mahindi asigeuke kuwa mharibifu wa kitu ambacho Mlola na jirani zake wameaminiwa kukitunza.

Kazi ya usiku ni ya wakubwa

Usiku ni zamu ya watu wazima. Kaya tano zenye mashamba yanayopakana zikigawana zamu, kila mmoja hukesha usiku mmoja kati ya mitano, badala ya kila kaya kukesha peke yake na kushindwa. Uzio wa fito zilizosukwa karibu-karibu na mtaro nje yake humchelewesha nguruwe. Nguruwe wakizidi, taarifa ipelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambao kazi yao ni pamoja na hiyo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Na aliye na bunduki halali nyumbani aifungie mahali pa kufuli, bila risasi ndani yake, na risasi zenyewe azifiche mahali pengine. Ufunguo usitundikwe ukutani. Watoto waambiwe wazi kwamba ipo, kwamba si kitu cha kuchezea, na kwamba wakiiona imeachwa ovyo wasiiguse, bali wamwite mkubwa. Kuficha bila ya kufundisha huzaa udadisi, na kufundisha bila ya kufungia huzaa majaribu.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Walisema kweli, kwa kuwa wembe hukata kidole, na kidole hupona, na aliyekatwa hujifunza. Bunduki haina somo la pili. Kijana atafika utu uzima; akitaka kuwa mwindaji, afunzwe na wajuao, aombe leseni na kibali chake, na achague bunduki ya kadiri ya bega lake. Kufika huko kunahitaji kwanza avuke utoto akiwa mzima, mwenye macho mawili na masikio yanayosikia. Gunia la mahindi lililoliwa na nguruwe laweza kupandwa tena msimu ujao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani yasiharibiwe na dumuzi.