Tusiseme "Ni Mafua Tu"

Majira ya mvua na baridi yanapofika, nyumba nyingi za parokia zetu hujaa vikohozi. Mtoto anatoka shuleni akipiga chafya, keshokutwa mama ana homa, na kabla ya Jumapili bibi hawezi kuinuka kitandani. Tukiulizwa, tunajibu kwa mkato: "Ni mafua tu." Mwezi huu tunapenda kulipinga neno hilo "tu".

Yapo mafua ya kawaida, yanayoziba pua na kupita. Na ipo homa ya mafua, yaani influenza. Hii huanza ghafla: homa kali, kichwa kuuma, maumivu ya mwili mzima, kikohozi kikavu na uchovu mwingi. Wengi hupona baada ya wiki moja hivi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yatokanayo na ugonjwa huu. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito, na wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au upungufu wa kinga mwilini.

Tumezoea kuilaumu mvua. Mvua haina virusi. Inachofanya ni kutukusanya ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, nyumbani, darasani na kwenye daladala. Anayekohoa hutoa matone madogo yenye virusi, na aliye karibu huyavuta. Mengine hubaki mikononi, kwenye vitasa vya milango na kwenye kikombe kimoja kinachozunguka familia nzima. Tena mgonjwa huweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya hadi siku tano au saba baadaye. Basi mvua isisingiziwe. Wachukuzi wa ugonjwa ni sisi wenyewe.

Ndiyo maana hatukubaliani na desturi ya kumsifu anayejikokota na homa yake kwenda kazini, shuleni, hata kwenye Misa na mazoezi ya kwaya. Kanisa halimhesabii mgonjwa kosa akikosa Misa ya Jumapili. Kukaa nyumbani siku chache ni kumpenda jirani. Tunajua wapo wanaoishi kwa kibarua cha kila siku, wasioweza kulala ndani. Hao wavae barakoa na wasikae karibu mno na wenzao. Nao walimu wasimwadhibu mtoto aliyebaki nyumbani kwa homa.

Familia ifanye nini?

- Tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinatosha.
- Tukohoe kwenye leso au kwenye kiwiko, si kiganjani.
- Tufungue madirisha. Mgonjwa awe na kikombe chake, na ikiwezekana alale peke yake, mbali na bibi na mtoto mchanga. Mama anayenyonyesha akiugua aendelee kunyonyesha, akiwa ameosha mikono na kufunika pua na mdomo.
- Mgonjwa apumzike, anywe maji, uji na supu. Parasetamoli hupunguza homa, lakini watoto wasipewe aspirini.
- Tuulize hospitalini habari za chanjo. Hutolewa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Watoto walio chini ya miezi sita hawachanjwi, lakini mama akichanjwa akiwa mjamzito humkinga na mwanawe katika miezi ya mwanzo.

Tusikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki. Dawa hizo huua bakteria, haziui virusi. Wala tusidhani kila homa ni mafua. Malaria nayo huanza kwa homa na maumivu ya mwili, kwa hiyo twende tukapime. Na mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akipata degedege au akilegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kijana mwenye nguvu huenda akapona kwa siku chache. Lakini asisahau kwamba aliyeketi naye mezani ni bibi yake.